Ukiamshwa Fuvu Likiwa Wazi: Maumivu, Fahamu na Utu Wetu



Vijana wapendwa, leo tuna swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni la madaktari peke yao. Ukilikalia kidogo utaona linakuhusu hata wewe ambaye hujawahi kulazwa hospitalini. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kumwamsha mtu katikati ya upasuaji wa ubongo, fuvu likiwa limefunguliwa, na kumwomba aanze kuongea?

Usishtuke, hii si filamu. Jambo hili linafanyika kweli katika hospitali nyingi duniani, na linafanyika kwa upendo. Mwaka 2020, katika hospitali ya King's College jijini London, mama mmoja mpiga fidla alipiga ala yake akiwa juu ya meza ya upasuaji huku madaktari wakiondoa uvimbe kwenye ubongo wake. Video yake ilizunguka dunia nzima, na huenda hata wewe uliiona kwenye simu yako, ukacheka kidogo, ukapita. Hebu leo tusipite.

Kwanza tuelewe kinachofanyika

Uvimbe unapoota kwenye ubongo, mara nyingine unakaa jirani kabisa na sehemu inayotuwezesha kusema, kuelewa maneno au kusogeza mkono. Mpaka kati ya uvimbe na sehemu nzima haujachorwa kwa rangi. Kwa macho ya daktari vyote viwili vinaweza kufanana. Tena ubongo wangu na wako si sawa: sehemu ya lugha kwa mtu mmoja inaweza kuwa imesogea kidogo kwa mwingine. Picha za vipimo zinasaidia, lakini kuna jambo ambalo ni mgonjwa mwenyewe tu anayeweza kulionyesha, tena akiwa macho.

Sasa utauliza: na maumivu je? Hapa kuna ajabu moja ya maumbile. Ubongo, kiungo kinachotufanya tuhisi kila maumivu ya mwili, wenyewe ukiguswa au kukatwa hauumi. Kinachouma ni ngozi ya kichwa, utando wa juu ya mfupa, na ule utando mgumu unaofunika ubongo. Kwa hiyo daktari wa usingizi anachoma sindano za ganzi kuzunguka kichwa, mahali inapopita mishipa ya fahamu inayohudumia ngozi hiyo. Ganzi hiyo inadumu kwa saa kadhaa.

Njia mojawapo inayotumika sana huenda hivi: lala, amka, lala tena. Mgonjwa analazwa usingizi wakati wa kufungua fuvu, maana kelele za mashine na mtikisiko wake si vitu vya kumsikilizisha mtu. Fuvu likishafunguliwa, dawa ya usingizi inapunguzwa polepole mpaka anafumbua macho. Wapo madaktari wengine ambao hawamlazi kabisa, wanampa dawa ya kumtuliza tu. Kwa vyovyote, wakati wa kazi yenyewe mgonjwa yuko macho. Anaonyeshwa picha: nyumba, paka, kijiko. Anataja majina. Anahesabu. Anakunja na kukunjua vidole. Huku daktari wa upasuaji anagusa sehemu moja moja ya ubongo kwa umeme mdogo sana. Mgonjwa akikwama ghafla, akaiona paka lakini jina lisitoke, daktari anajua: hapa hapaguswi. Anaweka alama, anasogea pengine.

Hatari zipo. Umeme ule unaweza kuamsha degedege, ndiyo maana maji baridi kama barafu huwekwa tayari ya kumwagia juu ya ubongo ili kuizima. Mgonjwa anaweza kusikia kichefuchefu, kiu, baridi, au uchovu wa kulala ubavu mmoja kwa muda mrefu huku kichwa kimebanwa kisisogee. Anaweza pia kuogopa tu, kama ambavyo mimi na wewe tungeogopa. Ndiyo maana si kila mtu anafanyiwa hivi, na ndiyo maana daktari wa usingizi hukutana naye mapema, kumweleza kila hatua na kujenga naye uaminifu. Siku yenyewe kuna mtu anayekaa karibu na uso wake, anamsemesha, mara nyingi amemshika mkono.

Je, Mkristo anatakiwa kukubali maumivu?

Wengi wetu tumelelewa na lile neno: "mtolee Mungu mateso yako". Ni neno zuri na la kweli. Lakini kuna vijana wanalielewa vibaya, wanadhani kumeza dawa ya maumivu ni udhaifu wa imani. Wengine wanataja Injili: Yesu alipofika Golgota alipewa divai iliyochanganywa na manemane, akaikataa (Mk 15:23). Eti basi kama Bwana alikataa ganzi, na sisi tuikatae.

Twende taratibu. Yesu alikataa kinywaji kile kwa ajili yake mwenyewe, katika saa aliyoitoa nafsi yake kwa hiari. Je, umewahi kusoma mahali alipomwambia mgonjwa, "Vumilia tu, maumivu ni mazuri"? Hakuna. Aliwaponya. Na katika mfano wake wa Msamaria Mwema, jambo la kwanza alilofanya yule msafiri ni kumimina mafuta na divai kwenye majeraha ya mtu aliyepigwa (Lk 10:34). Unapoamua kubeba msalaba wako mwenyewe, hiyo ni sadaka. Unapomwamulia mwenzako aubebe wake bila msaada, hiyo ni ukatili, hata ukiupamba kwa maneno ya dini.

Hoja hii si ya leo. Dawa ya usingizi ilipoonyeshwa hadharani kule Boston, Marekani, mwaka 1846, na mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa klorofomu akina mama wanaojifungua, walikuwepo watu waliosema ni kinyume cha mpango wa Mungu. Simpson aliwajibu kwa Biblia yenyewe: kabla ya kutwaa ubavu wa Adamu, Mungu alimletea usingizi mzito (Mwa 2:21).

Na Kanisa letu limesema waziwazi. Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio XII alizungumza na madaktari, akijibu maswali aliyoletewa na wataalamu wa usingizi wa Italia. Je, Mkristo ana wajibu wa jumla wa kukataa dawa za maumivu? Hapana. Anaweza kuyapokea maumivu kwa upendo akiongozwa na Mungu, lakini si sheria kwa wote, na Papa alikumbusha kwamba mateso yanaweza pia kumwangusha mtu badala ya kumwinua. Je, ni halali kumwondolea mtu fahamu kwa dawa? Ndiyo, ikiwapo sababu ya kutosha, lakini isifanywe kama jambo la mchezo, kwa sababu fahamu ni zawadi kubwa: kwa fahamu mtu anajitawala, anachagua, anasali, anapenda.

Shika mambo hayo mawili pamoja. Kuondoa maumivu ni tendo jema. Kulinda fahamu ni tendo jema. Kwa kawaida katika upasuaji mkubwa tunalipumzisha jema la pili ili tupate la kwanza: tunapigwa nusu kaputi, tunaamka kazi imekwisha. Upasuaji huu wa ubongo unajitahidi kuyashika yote mawili kwa pamoja. Mgonjwa anazuiliwa maumivu lakini anaachiwa fahamu. Kwa hiyo jibu la swali letu la mwanzo linaanza kuonekana. Ingekuwa vibaya kumwamsha mtu ili ateseke. Si vibaya kumwamsha ili ashiriki kuokoa kile anachokipenda, mradi amekubali mwenyewe na amelindwa.

Nani anaamua?

Hapa ndipo penye uzito. Fikiria daktari amefika karibu na sehemu ya lugha. Kipande cha uvimbe kimebaki pale. Akikitoa, huenda mgonjwa ataongeza miaka. Akikitoa, huenda pia mgonjwa hatasema tena na watoto wake. Kipi bora?

Hakuna mashine ya kupima jambo hilo. Yule mama wa fidla, uvimbe wake ulikuwa jirani na sehemu inayoongoza vidole vya mkono wa kushoto, vile vinavyobonyeza nyuzi. Mtu mwingine angesema, "Kidole ni nini mbele ya uhai?" Kwake, vidole vile vilikuwa maisha yake tangu utotoni. Padre angeogopa kupoteza sauti ya kuadhimisha Misa. Fundi cherehani angewaza mikono. Mama mwenye mtoto mchanga pengine angesema, "Chukueni chochote, niacheni tu nimwone akikua."

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba maamuzi kuhusu matibabu yafanywe na mgonjwa mwenyewe, kama ana uwezo wa kuamua, na kama hana, na wale wenye haki ya kusema kwa niaba yake, wakiheshimu matakwa yake ya haki (KKK 2278). Hilo ni gumu katika familia zetu, tuseme ukweli. Mara ngapi baba mkubwa, shangazi na kaka wanakaa barazani kuamua, halafu mgonjwa anaambiwa tu, "Kesho unapelekwa"? Mara ngapi tunamficha ugonjwa wake, kwa nia njema, mpaka anakosa hata muda wa kuungama? Nia njema ipo, siikatai. Upendo wa familia ni utajiri wetu. Lakini upasuaji huu hauwezekani kabisa bila mgonjwa kuambiwa ukweli wote. Huwezi kumfumbua mtu macho fuvu likiwa wazi halafu ukaanza kumweleza ana ugonjwa gani. Unafundisha jambo ambalo lilipaswa kuwa kweli kwa kila mgonjwa: yeye ndiye mwenye mwili huo, na Mungu anamwita yeye kwa jina lake.

Umeme ukigusa ubongo, roho iko wapi?

Sasa tufike kwenye swali ambalo vijana wengi wanaliogopa. Kama umeme kidogo unaweza kulinyamazisha neno lako, je, "wewe" ni nyama hii tu? Roho iko wapi?

Daktari aliyeisambaza sana njia hii ni Wilder Penfield, aliyeanzisha taasisi ya mishipa ya fahamu kule Montreal, Kanada, mwaka 1934. Aliwapasua mamia ya wagonjwa wakiwa macho, wengi wao wenye kifafa. Alipogusa sehemu fulani, mkono wa mgonjwa ulinyanyuka, lakini mgonjwa alijua kabisa si yeye aliyeunyanyua, ni daktari. Mwishoni mwa maisha yake, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, Penfield aliandika kwamba hakupata mahali popote kwenye gamba la ubongo ambapo umeme ungemfanya mtu aamini jambo au aamue jambo. Akaona akili ya mtu ni kitu zaidi ya ubongo.

Wapo Wakristo wanaolitumia hilo kama rungu la kuwapigia wasioamini: "Umeona? Sayansi imethibitisha roho!" Nawasihi tusiharakishe. Kutokuipata roho kwa waya wa umeme hakuthibitishi kwamba ipo, kama ambavyo kutoipata kwa darubini hakuthibitishi kwamba haipo. Na maisha ya Penfield mwenyewe yana jambo lingine la kutufikirisha. Mwaka 1928 alimpasua dada yake, Ruth, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Ilimbidi aondoe sehemu kubwa ya mbele, upande wa kulia. Ruth alirudi kwa familia yake, mtu yuleyule, mwenye upole uleule. Lakini siku moja alipotaka kuandaa chakula cha jioni cha mgeni, vyakula vya aina kadhaa, alikwama. Vitu vyote vilikuwepo jikoni, ila uwezo wa kupanga kipi kianze na kipi kifuate ulikuwa umepungua. Penfield aliliandika jambo hilo mwaka 1935.

Unaona ugumu? Kuamua na kupanga pia kunategemea ubongo. Ukiamini kwamba roho ni kama dereva aliyekaa ndani ya gari, habari ya Ruth itakuyumbisha: gari limeharibika, mbona na dereva anachanganyikiwa?

Lakini Kanisa halijawahi kutufundisha kwamba sisi ni madereva ndani ya magari. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba roho ni umbo la mwili, yaani ndiyo inayoufanya mwili huu kuwa mwili hai wa mtu, na Katekisimu inasema vivyo hivyo: roho na mwili si maumbile mawili yaliyounganishwa, ni umbile moja (KKK 365). Thoma alithubutu hata kusema kwamba roho yangu peke yake siyo mimi. Ndiyo maana tunakiri ufufuko wa mwili, hatuishii kusema roho inapaa tu. Basi mwanafunzi wa Thoma hashangai kusikia kwamba uvimbe wa ukubwa wa tunda dogo unaweza kugusa maneno, kumbukumbu na mipango ya mtu. Angeshangaa isingekuwa hivyo. Mimi mzima ndiye ninayefikiri, kwa mwili huu. Mimi mzima ndiye ninayeugua. Na mimi mzima ndiye Kristo aliyekuja kumkomboa.

Kwa hiyo daktari anayeweka alama ndogo juu ya ubongo na kusema "hapa hapaguswi" hafanyi kazi ya ufundi tu. Anamtunza mtu.

Na yule asiyeweza tena kusema?

Lakini subiri. Kama tunahangaika hivi ili neno lisipotee, je, tunasema kwamba likipotea mtu naye amepotea?

Mwaka 1861 daktari Paul Broca, Mfaransa, alimpokea mgonjwa aliyekuwa amekaa hospitalini miaka 21. Kila alipoulizwa jambo alijibu silabi moja, "tan", aghalabu akiirudia mara mbili. Wenzake wodini walimwita hivyohivyo, Tan. Alifariki siku chache baadaye, na ubongo wake ulimwonyesha Broca sehemu inayohusika na usemi. Kila kitabu cha tiba ya ubongo kinamtaja. Lakini angalia pia hili: Tan alikuwa anaelewa mengi aliyoambiwa. Alijibu kwa ishara. Alionyesha hesabu kwa vidole. Alikasirika watu wasipomwelewa. Ndani ya silabi ile moja kulikuwa na mtu mzima anayegonga mlango.

Usemi ni zawadi, nasi tunapigania zawadi. Lakini hadhi ya mtu haikai kwenye usemi. Mtoto tumboni hajasema neno. Bibi aliyepooza kwa kiharusi pale kwenu, ambaye sasa anatoa sauti ambazo hakuna anayezielewa, hajapungua utu hata chembe. Tunatunza maneno kwa sababu ya mtu. Hatumtunzi mtu kwa sababu ya maneno. Tukigeuza mpangilio huo, kesho tutaanza kuwahesabu watu kwa wanavyoweza kufanya, na wasioweza tutawafungia chumba cha uani.

Tubaki na nini?

Kule Gethsemane Yesu hakuwaomba wanafunzi wake wamwondolee kikombe. Aliwaomba wakeshe naye, wakalala. Katika chumba cha upasuaji, mgonjwa anakesha kwa ajili ya maisha yake, na kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukesha naye: kuangalia pumzi, kuongeza au kupunguza dawa, kufuta jasho, kusema "nipo, tuendelee, hii ni picha ya nini?" Mimi naona hapo sura ya kile ambacho kila mbatizwa anaitiwa. Si wote tutashika kisu cha upasuaji. Wote tunaweza kukaa karibu na uso wa anayeogopa.

Basi ukisikia ndugu au rafiki anakwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa, fanya mambo matatu. Mwombe padre ampatie Mpako wa Wagonjwa kabla. Sakramenti hii si ya wanaokata roho tu, inafaa sana kabla ya upasuaji mzito (KKK 1515). Msikilize anachotaka yeye, hata kama wakubwa wana maoni yao, na umsaidie kukisema kwa heshima. Halafu, akirudi amebadilika, amekuwa mzito wa maneno au mwepesi wa kulia, usimtafute yule wa zamani. Kaa na huyu aliyepo. Ndiye yeye.

Maswali ya kutafakari wiki hii

1. Ni uwezo gani ambao nikiupoteza nitaona kama nimepoteza kila kitu? Kwa nini huo?

2. Nyumbani kwetu, mgonjwa anaambiwa ukweli? Anasikilizwa?

3. Yuko nani karibu nami asiyeweza kusema vizuri, ambaye nimeacha kumsemesha?

Tusali

Ee Bwana Yesu, mganga wa roho na miili yetu, uwe karibu na wote wanaongojea upasuaji leo. Iongoze mikono ya madaktari na wauguzi. Uwalinde wanaolala usingizi wa dawa, na uwatie moyo wanaotakiwa kukesha. Utufundishe kuwa macho kando ya wenzetu, na kumtambua kila mtu hata pale maneno yake yanapokwisha. Amina.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.